Maadili mema yakigongana, lipi litangulie?

Mwalimu wa Njoro (mwanzilishi wa uzi)

Wanajukwaa, hamjambo. Humu ndani tumehimizana mara nyingi tuandike maadili yetu ya msingi daftarini na kuyafuata katika maamuzi ya kila siku. Sina ugomvi na daftari, lakini naona tunaishia pale ambapo kazi ndiyo kwanza inaanza. Mtu anaandika uaminifu, familia, ukarimu, bidii na imani, kisha anafunga daftari akiamini kwamba amejijua, ilhali maneno hayo matano yatamvuta pande tano siku atakapobanwa. Hakuna anayekosa usingizi akijiuliza kama akaibe kuku wa jirani. Tunakosa usingizi tunapoombwa na binamu tumdhamini mkopo wa Sacco mwezi ule ule ambao karo ya mtoto haijakamilika, kwa kuwa kumwinua ndugu ni jambo jema, kulinda masomo ya mtoto ni jambo jema, na hela ni zile zile.

Jambo hili lilinijia darasani. Mtaala wa umilisi unatutaka tukuze maadili manane kwa wanafunzi: upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, haki ya kijamii na uadilifu. Tulipokuwa tukiyajadili, mwanafunzi mmoja aliuliza afanye nini mzazi anapomtuma mlangoni akamwambie mdai kwamba baba hayupo, hali baba yuko chumbani. Heshima inamtaka atii, uadilifu unamkataza, na mtaala umeyaweka yote mawili katika orodha moja bila kusema lipi ni kubwa. Darasa lilicheka, nami nikacheka, lakini swali lile ni zito kuliko mengi tunayowatahini.

Wanasaikolojia nao wamelitazama. Mwaka 1992 Shalom Schwartz, aliyekuwa amechunguza maadili ya watu katika nchi 20, alieleza aina kumi za maadili na kuzipanga katika duara: kujiamulia, msisimko, starehe, mafanikio, mamlaka, usalama, utiifu, mila, wema kwa walio karibu, na kuwajali watu wote. Zinazokaa jirani katika duara hilo hushirikiana kwa urahisi, na zinazotazamana huvutana, hivi kwamba anayetanguliza mafanikio na mamlaka yake huubana wema wake kwa wengine, naye anayeshikilia mila na utiifu hubanwa anapotaka kujiamulia. Ninachokipenda katika maelezo hayo ni kwamba mvutano hauhesabiwi kuwa kasoro ya mtu. Kila mmoja wetu anazo zote kumi kwa kiasi fulani, ila tunatofautiana katika mpangilio.

Basi naomba mnieleze, kwa mifano ya kazini, sokoni na nyumbani kwenu: mmeyapangaje, na mpangilio huo umewagharimu nini? Mahubiri tuyaachie Jumapili.

Mama Nafaka, Kibuye

Mwalimu, mimi nauza mahindi na maharagwe hapa Kisumu. Soko letu linapima kwa gorogoro, mkebe unaochukua takriban kilo mbili, na kila mnunuzi anajua kwamba mkebe ukibonyezwa kitako, kilo mbili hazitimii. Niliamua mapema kwamba wangu haubonyezwi. Kwa kuwa siwezi kujaza sawasawa na bado nikauza kwa bei ya aliyebonyeza, bei yangu iko juu kidogo, na haipiti siku bila mteja kubetua midomo na kuhamia meza ya pili. Wapita njia hunikimbia. Wenye hoteli na akina mama wanaopikia shule hurudi, maana wao hupima tena wakifika kwao.

Sisemi kwamba uaminifu hulipa. Kuna misimu, hasa mahindi mapya yanapoingia na kila nyumba inayo, ambapo haulipi hata kidogo. Ninachosema ni kwamba niliijua gharama yake, nikaikubali, na tangu hapo sibishani na nafsi yangu kila asubuhi nifunguapo gunia.

Kinachonisumbua mimi ni deni. Jirani akija na mtoto mgongoni akaomba unga hadi mwisho wa mwezi, huruma inasema mpe, na mtaji unasema utafunga biashara. Nilitenga kiasi cha bidhaa kinachoweza kutoka kwa deni kila wiki, kikiisha kimeisha, hata akija dada yangu tumbo moja. Mgonjwa na mzazi aliyejifungua hawahesabiwi humo. Watu walinuna, kisha wakazoea kuja mapema.

Kijana wa Free Area

Wakubwa zangu, nawasoma kwa makini, lakini naona kana kwamba haya ni mazungumzo ya watu waliokwisha kula. Nimezunguka na vyeti vyangu Nakuru hii tangu haijawa jiji, ikawa jiji mwezi Desemba 2021, na bado nazunguka. Zaidi ya mara moja nimeambiwa waziwazi kwamba nafasi ipo, ila mkono mtupu haulambwi.

Katiba yetu ya mwaka 2010 imeorodhesha maadili ya kitaifa katika Kifungu cha 10, uadilifu, uwazi na uwajibikaji yakiwemo, na Sura ya Sita nzima inahusu uongozi na uadilifu. Ikiwa orodha iliyopitishwa kwa kura ya maoni ya taifa zima haikumzuia mtu kunitajia bei ya kazi, orodha yangu ya daftarini itamzuia nani? Mwenzangu mmoja alilipa. Leo yuko kazini na anawasomesha wadogo zake. Niambieni, kati yake na mimi ni nani aliyeitendea familia yake haki.

Mstaafu wa Lanet

Kijana, swali lako ni la haki na sitalifunika kwa maneno matamu. Nitakukumbusha tu mtu wa karibu nasi. Bruda Peter Tabichi, wa shirika la Wafransisko, alikuwa akifundisha hisabati na sayansi katika Shule ya Upili ya Keriko, kijijini Pwani, kaunti hii hii yetu ya Nakuru, alipotunukiwa mwaka 2019 tuzo ya kimataifa ya mwalimu bora yenye thamani ya dola milioni moja. Kilichowagusa watu ni kwamba tangu kabla ya tuzo alikuwa akitoa asilimia 80 ya mshahara wake kuwasaidia wenye shida, katika shule ambayo karibu theluthi moja ya wanafunzi walikuwa yatima au wenye mzazi mmoja tu. Hakuwa mtu aliyekwisha kula.

Shangazi wa Butere

Mzee wa Lanet, mfano wako ni mzuri, lakini tuupime. Bruda ameweka nadhiri ya ufukara, hana mke wala mtoto anayefukuzwa shule. Baba wa watoto wanne akitoa asilimia 80 ya mshahara tutamwita mwendawazimu, na watoto wake watakuwa na haki ya kumshtaki kwa wazee. Ninachojifunza kwake ni kwamba swali la fedha alilimaliza siku ile ya nadhiri, kwa hiyo mshahara ukiingia hauji na mjadala. Sisi wengine kila mwisho wa mwezi tunaanza kesi upya.

Kuhusu yule mtoto wa mlangoni, Mwalimu, usimwachie mzigo wa kuchagua kati ya heshima na uadilifu. Aliyevunja heshima hapo ni baba, kwa kumtuma mtoto aseme uongo kwa niaba yake. Heshima tuliyolelewa nayo inamfunga mkubwa kabla ya kumfunga mdogo.

Sasa niseme langu. Huku kwetu mtu hajiamulii peke yake. Msiba ukitokea, kundi la WhatsApp linafunguliwa kabla jua halijatua, na majina ya waliotoa yanapandishwa kila jioni, kila jina na kiasi chake. Vijana wa mjini huniambia kwamba wana maadili yao binafsi, na kwamba akiba inatangulia. Nami huwauliza: nani atakayelala uani kwako siku utakapopatwa? Michango ni bima ya watu ambao hakuna kampuni ya bima iliyowahi kuwabishia hodi. Hata hivyo tumeiharibu kwa kuhesabu shilingi peke yake. Zamani mwanamke aliyeleta kuni, maji na unga, akakesha na wafiwa, hakuulizwa ametoa ngapi. Kwa hiyo nimepanga hivi: nitafika, nitapika, nitaosha sufuria mpaka wageni waondoke, na pesa nitatoa kiasi kisichonilazimu kukopa. Jina langu huwa chini kabisa katika ile orodha ya jioni, na kuna shemeji mmoja ambaye hakosi kunionyesha.

Mwendesha bodaboda, Luanda

Steji yangu iko hapa Luanda, barabara ya Kisumu kwenda Busia, na vizuizi navijua. Kijana wa Free Area amesema kweli kwamba uadilifu wa maskini hutozwa bei ya juu. Lakini tazameni jambo hili. Mwendeshaji anayefika kizuizini bila leseni, bima imekwisha, abiria wawili nyuma, alikwisha kuamua kutoa hongo tangu alipowasha pikipiki asubuhi. Pale kizuizini anamalizia tu. Ndiyo maana mimi sikuweka azimio la kutohonga, maana azimio halisomeki na askari. Niliweka bima ambayo haijaisha, leseni, helmeti ya pili, jaketi la kuakisi mwanga, na abiria mmoja kama sheria inavyotaka. Yule wa pili ninayemwacha steji ni hasara ya kweli, hasa siku ya soko, na wenzangu wananicheka mbele ya wateja.

Bado zipo siku unasimamishwa ukiwa na kila kitu, ukaambiwa usimame kando mpaka uelewe. Siku hiyo nasimama kando. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inamtia hatiani anayetoa sawasawa na anayepokea, na nikipelekwa mahakamani makaratasi yangu yatanitetea, jambo ambalo anayenisimamisha analijua vizuri kuliko mimi. Subira hiyo inaweza kula asubuhi nzima. Ni sehemu ya bei.

Mkulima wa viazi, Molo

Ndugu wa Luanda, wewe unaweza kujitayarisha peke yako. Mimi siwezi. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinasema mfuko usizidi kilo 50, na kila mkulima wa huku anaijua lumbesa, lile gunia linaloongezewa juu na kushonewa wavu mpaka likawa kama mtu aliyejitwika kilemba cha harusi, kisha dalali akalilipia bei ya gunia moja. Nikimwambia dalali kwamba haki ndiyo ninayoitanguliza, atanisikiliza kwa adabu na kuhamia shamba linalofuata. Viazi navyo havingoji hotuba: vikikaa vinachipua, na vikipigwa na mwanga vinageuka kijani.

Kwa hiyo swali la Mwalimu, mmeyapangaje, kwangu lina kasoro, maana linamfanya kila mtu awe kisiwa. Tulio na mashamba yanayopakana tulikubaliana kwamba msimu mzima hakuna anayejaza lumbesa. Dalali alizunguka kwetu sote, akakuta jibu ni moja, akanunua kwa kilo 50. Msimu uliofuata mmoja wetu alikuwa na mgonjwa hospitalini, akauza lumbesa usiku. Walikuwapo waliotaka atengwe. Mimi nilisema makubaliano yetu ndiyo yaliyokuwa na tundu, kwa kuwa tuliahidiana haki bila kujiuliza mtu aliyebanwa ataitoa wapi. Tukaanza kuweka akiba ya dharura, kidogo kwa kila mavuno, ili mwenye mgonjwa akope kwetu kabla hajamwita dalali. Hapo ndipo makubaliano yalipopata nguvu. Yako maadili ambayo mtu mmoja anaweza kuyapenda peke yake lakini hawezi kuyatekeleza peke yake.

Karani wa Sacco, Kakamega

Nirejee kwenye udhamini, kwa sababu ndio kazi yangu na naona umetajwa kijuujuu. Sacco nyingi humkopesha mwanachama hadi mara tatu ya akiba yake, na sehemu ya mkopo isiyofunikwa na akiba yake mwenyewe hubebwa na akiba za wadhamini. Akiacha kulipa, akiba yake huchukuliwa kwanza, kisha deni lililosalia hugawanyiwa wadhamini. Katika muda wote huo mdhamini hawezi kuitoa akiba aliyoifunga, na hata uwezo wake mwenyewe wa kukopa au kudhamini wengine hupungua. Wengi hutia sahihi mezani kwangu wakidhani kwamba wanashuhudia tabia njema ya ndugu yao. Fomu haiulizi tabia.

Ndiyo maana neno familia, likiandikwa peke yake daftarini, halimsaidii mdhamini hata kidogo. Familia iko pande zote mbili za fomu: aliyekopa ni ndugu, na akiba inayofungwa ni ya watoto wa aliyedhamini. Nimejiwekea utaratibu wa kumuuliza kila anayekuja, kabla sijampa kalamu, kama atalilipa fungu lake la deni likimwangukia bila kumchukia aliyekopa. Anayejibu ndiyo bila kutazama chini, namwachia atie sahihi. Anayesitasita namwambia arudi kesho, na mara nyingi harudi. Wakubwa wangu hawaufurahii sana utaratibu huu, kwa kuwa mikopo ndiyo biashara yenyewe.

Mwalimu wa Njoro

Nimewasoma wote. Mkulima wa Molo, naipokea hoja yako, na nadhani ndiyo inayomjibu Kijana kuhusu Katiba: orodha ya taifa nayo inahitaji watu waliokubaliana kutomlipa dalali, na akiba ya kumshikilia aliyekataa.

Nimeona pia kwamba Mama Nafaka, Shangazi na ndugu wa bodaboda, bila kushauriana, wamefanya jambo moja: kila mmoja ameuondoa uamuzi katika saa ya kubanwa na kuupeleka katika saa ya utulivu. Mwanasaikolojia Mjerumani, Peter Gollwitzer, alieleza mwaka 1999 kwamba nia ya jumla humsaidia mtu kidogo kuliko mpango uliotajwa kwa sura ya ikiwa litatokea hili, basi nitafanya lile. Mpango wa namna hiyo hulifunga tendo kwenye tukio lenyewe, hivyo mtu halazimiki kuanza kupima upya akiwa amechoka au ameona haya. Kwa watu wa huku nadhani aibu ndiyo adui mkubwa kuliko uchovu. Kumkatalia mtu mzima aliyefunga safari hadi mlangoni kwako, ukamkaribisha chai, ukamsikiliza hadi mwisho, kisha useme hapana, ni kazi ambayo ulimi hauiwezi isipokuwa jibu liwe limeiva kabla hajabisha hodi.

Langu ni hili. Watoto walio chini ya paa langu wanatangulia mpaka karo ya mwaka ikamilike, ndugu wanafuata, na sifa yangu mbele ya ukoo inakuja mwisho. Ikiwa nitaombwa udhamini kabla karo haijakamilika, basi nitasema mwaka huu sidhamini, na nitatoa mkononi kile ninachoweza kukisahau. Binamu yangu nilimjibu hivyo. Alishukuru kwa nilichompa, na simu zake zimepungua sana.

Kijana wa Free Area

Mwalimu, mpangilio wako unanifaa nikiwa baba, ila ungenimaliza nilipokuwa mtoto wa ndugu. Mimi nilisomeshwa na mjomba ambaye karo ya wanawe haikuwa imekamilika. Angengoja ikamilike, nisingekuwa na hivyo vyeti ninavyozunguka navyo.

Kuhusu kazi, nimekata shauri kwamba silipi. Sababu ya kwanza ni kwamba sina, na sitaki kuiremba. Ya pili ni kwamba aliyeniuzia nafasi leo anaweza kuiuza tena kesho nikiwa nimeikalia.

Shangazi wa Butere

Mwanangu, na wale watoto wa mjomba walikula nini mwaka huo?

Kijana wa Free Area

Mkubwa wao alikaa nyumbani muhula mmoja, Shangazi. Mjomba aliwaita wote wawili, yeye na mimi, akatueleza mbele ya mama yetu kwa nini na kwa muda gani, na muhula uliofuata alirudi. Kwa hiyo sidai kwamba Mwalimu amekosea. Nasema anayepanga awaambie wale waliopangwa, maana binamu yake amejua leo nafasi yake katika foleni ambayo hakujua kwamba ipo.

Mwalimu wa Njoro

Hapo umenishika. Nitamweleza ana kwa ana, pamoja na mwezi ambao karo itakuwa imekamilika, ili kama bado anahitaji mdhamini ajue aje lini.

Mwendesha bodaboda, Luanda

Karani, kabla uzi haujafungwa: mimi nilimdhamini mwenzangu wa steji, na kila nikisoma hesabu zenu hapa naona sikuwa nimejiuliza swali lako. Analipa vizuri mpaka sasa. Je, naweza kujitoa?

Karani wa Sacco, Kakamega

Huwezi kujitoa kwa neno lako peke yako, ndugu. Zungumza kwanza na mkopaji, umwombe akutafutie mbadala, kwa kuwa Sacco itakuachilia pale tu mwanachama mwingine mwenye akiba ya kutosha, ambayo haijafungwa kwingine, atakapokubali kuchukua nafasi yako na kutia sahihi. Akikosa mbadala, ombeni taarifa ya mkopo mkiwa pamoja, muone deni limebaki kiasi gani, kwa sababu kadiri anavyolipa ndivyo sehemu ya akiba yako iliyo hatarini inavyopungua. Ombi hilo ni afadhali ulifanye sasa ambapo analipa vizuri. Akishachelewa, hakuna atakayekubali kuingia mahali pako.